Risasi Nyembamba na Risasi Nene

Juzi askari wa wanyama walifyatua bunduki hewani kufukuza ndovu kwenye viazi vyangu hapa Naro Moru, na ile harufu ya baruti ikanifikia mlangoni. Wajukuu wangu walishangilia. Mimi nilitema mate. Harufu hiyo naijua tangu utotoni, na sijawahi kuisamehe.

Baba yangu alikuwa mfuata nyayo za wanyama kwa mzungu mmoja mwindaji aliyebaki na shamba lake baada ya Uhuru. Tulimwita Shingo, maana shingo yake ilikuwa nyekundu na nene kama ya fahali. Mama hakumpenda hata kidogo. Kwetu Wakikuyu nyama ya porini haikuingia chunguni, na mama aliona ni aibu mume wake kushinda akifuata mavi ya nyati.

Basi Shingo akapata mgeni kutoka kwao, mtu mrefu wa kucheka ovyo. Bunduki zao zote mbili zilikula risasi walizoita magnum, nami nilipewa kitambaa nizipanguse. Za mgeni zilikuwa nyembamba, ncha kali kama sindano ya gunia. Za Shingo zilijaa mkono, nene kama kidole gumba cha baba, pua butu. Walibishana mchana kutwa kama wake wenza. Mgeni alisema yake inakimbia mbali bila kuinama. Shingo alisema yake haina haraka, lakini ikifika, mnyama analala. Wakaweka debe ng'ambo ya bonde. Ya mgeni ikalitoboa. Ya Shingo ikalima mchanga chini yake. Mgeni alicheka akishika tumbo.

"Debe haina pembe," mama alisema, akaendelea kumenya viazi.

Kesho yake mgeni akampiga nyati kutoka mbali kwa ile nyembamba. Nyati hakuanguka. Aliingia kichakani na risasi mwilini, na nyati aliyeumizwa hakimbii, anakungoja. Mimi na mama tulikuwa tukiokota kuni hapo karibu. Tulifika Shingo akimwonyesha baba kichaka kwa kidole.

Mama akatupa kuni chini. "Ati aende mbele na panga? Wewe Shingo, hiyo risasi yako nene iko na kazi gani? Tangulia wewe!"

"Mama Wambui, wacha kelele. Hiyo ni kazi yake."

"Kazi yake ni kufuata damu. Kufa si kazi!"

"Nyamaza, mama Wambui," baba akasema. "Rudisha mtoto nyumbani."

Hatukurudi. Baba aliingia ameinama, Shingo nyuma yake. Tulisikia matawi yakivunjika, baba akipiga ukemi, kisha mlio mmoja mzito. Mama alikimbilia ndani, nami nyuma yake, kabla ya yule mgeni kusogeza mguu. Ile nene ilikuwa imemlaza nyati kweli, lakini pembe ilikuwa imeshapita pajani mwa baba. Mama akararua leso yake, akaanza kumfunga.

Na wale wawili? Walikuwa wamepiga magoti kando ya nyati na visu vyao, mikono ndani mpaka viwiko, wakitafuta kitu. Nilikuwa nimemwona mganga wetu akitoa mafuta tumboni mwa mbuzi na kuyapaka kwenye kidonda. Nikamwambia baba sikioni, "Vumilia, wanakutolea dawa." Shingo akachomoa kipande cha risasi, akakigeuza kwenye jua, akamwonyesha mgeni huku anatabasamu.

Baba hakufa, lakini ule mguu ulikauka. Jioni walituletea paja la nyati, ati shukrani. Mama aliliburuta hadi barabarani, mbwa wakalimaliza.

Nami nikakua nikiamini kwamba wale watu walijaribu, ila dawa ikakosekana. Nilikuwa nimeshazaa, nimekaa napepeta maharagwe, ndipo siku moja tabasamu la Shingo likanijia na mikono yangu ikasimama. Hawakuwa wanatafuta dawa. Baba yangu alikuwa anavuja damu pale pale kando yao, nao wanatafuta risasi ya nani imeshinda.