Priampu Mbili na Sauti ya Mama Mkwe

Mimi nilisoma mpaka darasa la sita, na sioni haya kulisema. Nilianza na punda mmoja nikibeba mchanga wa mto hapa Kwa Vonza, na leo nusu ya maduka ya soko hili yamesimama kwa bloki nilizofyatua mimi. Studio yangu ya kurekodi niliijenga kwa bloki hizo hizo, nyuma ya nyumba, vyumba viwili: kimoja cha kuimbia na kingine cha mashine, na dirisha la kioo katikati. Kuta nimezivika magodoro ya zamani na magunia. Hakuna aliyenifundisha. Nilitazama video kwenye simu, nikaharibu vitu, nikarudia. Sasa kwaya zinatoka mpaka Makindu kuja kwangu, na mashine zangu hazishikwi na mtu mwingine.

Kwa hivyo nilidhani mambo ya sauti hayawezi kunishtua tena.

Mwaka jana niliamua kununua priampu nzuri. Hiki ni kile kisanduku kinachopokea sauti ndogo kutoka kwa maiki na kuikuza kabla haijaingia kwenye kompyuta. Kikiwa kibaya, hata ulete malaika aimbe, utarekodi takataka. Muuzaji wa Nairobi ananijua, akanitumia mbili nizijaribu wiki moja, nichague moja nirudishe nyingine. Ya kwanza ilikuwa nzito kama bloki, na ndani yake kulikuwa na vioo viwili vinavyowaka rangi ya makaa. Ukiiweka mezani mgeni anajua amefika kwa mtu. Ya pili ilikuwa kisanduku cha kijivu, kidogo, vitufe viwili na taa moja ndogo ya kijani. Niliposikia bei ya hiyo ndogo nilimpigia simu nikamuuliza kama hajabandika karatasi za bei vibaya. Ilikuwa karibu mara mbili ya ile kubwa. Akacheka, akasema, "Boss, wewe zisikilize tu."

Nikazisikiliza. Nilisimama mbele ya maiki nikasoma zaburi vile huwa nasoma kanisani, kwa kifua chote. Kwenye ile kubwa nilitoka kama fahali. Niliirudia mara tatu kwa raha. Kwenye ile ndogo nilisikia mtu anayeongelea puani, na kila herufi ya "s" ikipiga mluzi kwenye pengo la jino langu la mbele. Nikatoa hedifoni masikioni nikaziangalia. Nikamwita mke wangu, nikamwambia hiki kisanduku ni feki, sikia kinavyoniharibu.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Hii ndiyo sauti yako, Baba watoto," akasema. "Ndiyo sisi tunasikia kila siku."

Nilirudisha ile ndogo kwenye katoni yake nikaipiga selotepu, nikasema Jumatatu itapanda basi irudi Nairobi.

Katika wiki hiyo hiyo ndipo mke wangu alinijia na jambo la mama yake. Mama mkwe alikuwa na rovu, uvimbe wa shingo, na ulikuwa umekua mpaka unamkaba pumzi. Tarehe ya upasuaji ilikuwa Jumanne. Daktari aliwaambia ukweli: mshipa wa sauti unapita pale pale kisu kitakapopita, na sauti inaweza kurudi ilivyokuwa, au isirudi. Mke wangu aliomba kitu kimoja. Mama yake aimbe kabla ya Jumanne, na mimi nimrekodi.

Nilikaa chini. Asiye Mkamba anaweza kuuliza shida iko wapi. Kwetu kuna kitu kinaitwa nthoni, ile heshima na haya kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Hamkai chumba kimoja. Hamtazamani machoni. Akija kwa njia hii, wewe unashika ile. Vijana wa siku hizi wanakula sahani moja na wakwe zao, hiyo ni juu yao. Mimi na mama huyu tulikuwa tumekaa miaka kumi na tisa bila kusemezana neno, na nilijivunia hilo kama ninavyojivunia nyumba yangu. Nilikuwa najua leso zake kuliko uso wake.

Sauti yake niliijua kwa kusimuliwa tu. Kule kwao Kasikeu alikuwa ndiye mwenye kuanzisha nyimbo za mwethya, kile kikundi cha akina mama wanaosaidiana kuchimba matuta mashambani. Wanasema akianza wimbo upande huu wa bonde, majembe ya upande ule yanaanza kufuata.

Mke wangu alisema nimwite fundi mwingine aendeshe mashine. Nikakataa. Tukakubaliana: nitaingia chumba cha mashine kabla gari halijafika, dirisha la kioo litafunikwa leso, na yeye ndiye atakayebeba maneno kati yetu.

Jumamosi shemeji alimleta mama. Nilisikia mlango wa chumba cha kuimbia ukifungwa, nikawasha ile kubwa, vioo vikawaka vizuri. Nikagonga ukuta kumaanisha tayari.

Nilichosikia ni mvua juu ya mabati. Shhhh. Mbali ndani ya mvua hiyo kulikuwa na kitu kama mama anayebembeleza mtoto nyumba ya tatu. Nikaongeza kitufe. Mvua ikaongezeka. Nikakizungusha mpaka mwisho, ikachemka kama sufuria ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, na mama bado yuko nyumba ya tatu. Nikafungua mlango kidogo nikamwita mke wangu, nikamuuliza kama mama amesogea. Akasema mdomo wake umekaribia kugusa maiki. Nikasema basi apaze sauti.

"Apaze sauti na mkwe wake anasikiza?" mke wangu akauliza. "Umwambie wewe."

Ndipo nilipoona kosa langu. Nilichagua mashine kwa sauti yangu mimi, mtu anayeongea kama anaita ng'ombe ng'ambo ya mto. Ukipiga kelele, kisanduku hakina kazi ya kufanya. Yule wa kuimba hakuwa anaweza kupaza sauti mbele yangu, mimi sikuweza kuingia kumwekea maiki vizuri wala kumwomba, na pumzi yake ilikuwa inaisha. Mke wangu alisema mama ataweza kuimba mara moja tena, labda.

Nilikata selotepu kwa meno.

Niliunganisha kile kijivu, nikavaa hedifoni, nikaongeza kitufe polepole. Hakukuwa na mvua. Kulikuwa na kimya, kimya cha chumba kile, hata ndege juu ya paa. Nikaongeza tena. Halafu mtu akavuta pumzi ndani ya sikio langu.

Niling'oa zile hedifoni kama nimeumwa na nge. Zilianguka mezani na mimi nikasimama nimegusa ukuta wa nyuma. Nilikuwa nimesikia mate yakimezwa. Nilikuwa nimesikia pumzi ikikwama kwenye ule uvimbe na kupita. Miaka kumi na tisa nimemkwepa mama wa watu barabarani, na sasa alikuwa karibu na mimi kuliko mke wangu alivyo karibu. Nilitaka kuzima. Lakini bila masikio yangu nisingejua kama inaingia sawasawa, na ile mara moja ilikuwa ndiyo hii. Nikazivaa tena, macho nimefumba, kana kwamba macho ndiyo yenye makosa.

Akaongea, kwa Kikamba, akimwambia binti yake lakini mdomo uko kwa maiki. "Mwambie bwanako nimemsikia toka siku aliyokuoa. Leo anyamaze, anisikie."

Nikazuia pumzi. Mwanamume mzima, katika studio niliyoijenga mwenyewe, nikaogopa hata kumeza mate.

Akaimba wimbo wa matuta. Aliimba chini sana, na kila kitu kikaingia: jembe lililokuwa kwenye wimbo, mawe, jua la kiangazi, na ile sehemu ya katikati ambapo sauti inapanda ghafla na kukaa juu, nyembamba, bila kutetemeka. Sikujua binadamu anaweza kupanda hivyo bila kupiga kelele. Alipomaliza niliona sindano za kompyuta zimelala, nami bado sijapumua.

Jumatatu, iliyopanda basi ni ile kubwa.

Upasuaji ulienda vizuri, uvimbe ukatoka. Baada ya wiki kadhaa nilikuwa nyuma ya tangi la maji, mke wangu ameenda sokoni, nikasikia hodi getini. Ilikuwa sauti nzito ya kukwaruza, kama gunia la saruji linaburutwa sakafuni. Nikadhani ni mzee wa makaa. Nikatoka nikisema kwa sauti, "Ingia mzee, ingia."

Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, leso imefungwa shingoni. Tulitazamana machoni. Sijui ni nani alishtuka zaidi. Kisha tukageuka wote wawili, mgongo kwa mgongo, katikati ya kuku.

"Nimekuja kusikia ule wimbo," ile sauti ikasema.

"Mlango uko wazi, mama," nikasema, na nilisema chini hata kuku hawakuinua vichwa.

Mke wangu aliporudi alimpeleka studio akamwekea. Mimi nilibaki nje, upande wa pili wa ukuta, mkono juu ya bloki zangu. Nilisikia sauti yake ya kale ikianza, halafu chini yake ile mpya ikijaribu kuifuata. Zilienda pamoja mpaka pale wimbo unapopanda. Moja ikapanda. Nyingine ikabaki chini, ikangoja.