Ngoma Tuliyokataa Kupiga

Makoti yaliyolowa mvua na mikate iliyotoka tu kwenye mafuta: hiyo ndiyo harufu ya ukumbi wa nyuma wa kanisa letu pale Evere, huku ugenini tulikohamia, na hadi leo ikinifikia uso huniwaka kwa aibu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanzoni mwa muongo uliopita, mpiga ngoma wa kwaya ya watoto pamoja na binamu zangu wawili. Baada ya mazoezi ya Jumamosi mama zetu walitugawia ile mikate midogo ya mviringo, nasi tukala tukibishana. Kwaya ilikuwa na sheria ya zamani: kamati haikai mpaka wapiga ngoma watoe mtu wao wa kuingia humo, na bila kamati kiongozi haanzi kazi. Hakuna aliyekumbuka kwa nini.

Majira yale ya baridi mwalimu wa historia alinipa kazi ya kueleza mbele ya darasa jinsi jeshi la Japani lilivyoimeza serikali kabla ya vita vikuu vya pili. Nilisoma kwenye basi, kitandani, hata kanisani. Hazikunishangaza meli wala ndege, bali ujanja mmoja: waziri wa jeshi alipaswa kuwa afisa aliye kazini, hivyo majenerali wasipomtaka waziri mkuu walikataa tu kutoa mtu, na serikali ikaanguka. Niliona ni akili. Mungu anisamehe, niliona ni akili sana.

Wiki tatu kabla ya Krismasi tulipiga kura ya kiongozi wa kwaya, nami sikuwa na shaka kwamba ni mimi. Akashinda Nadège, msichana mpole aliyefika na mama yake kutoka Bukavu mwaka uliotangulia, aliyejua kumfundisha kila mtoto sauti yake bila kumkaripia. Wengi wape, wahenga walisema; mimi sikuwapa. Niliwanong'oneza binamu zangu, tukamwambia tonton, yaani mjomba, aliyetusimamia kwamba hatutoi mtu na ngoma hatupigi. Alitubembeleza hadi Jumamosi ya pili, kisha, amechoka, akauliza tunataka nini. Binamu zangu wakanitazama. Nadège akavua shingoni ufunguo wa kabati la mavazi ya kwaya, ambao hukaa na kiongozi, akaniwekea mkononi.

“Kwetu nako, wenye bunduki wakikataa, bantu bote wananyamaza,” alisema. “Bon, kamata tu.”

Jumatatu nilisimama darasani nikaeleza kwamba katika demokrasia wenye silaha huwatii waliochaguliwa na raia, na aliyeshindwa hukubali. Nikapata kumi na nane juu ya ishirini. Nyani haoni kundule, lakini mimi nililiona langu, na bado niliendelea kusoma hadi mwisho. Nadège hakurudi mazoezini.

Siku hizi naishi Koekelberg, na kupiga kura ni lazima katika nchi hii. Uchaguzi mmoja nilimkuta Nadège mezani, ameitwa kusimamia kituo. Alilinganisha kitambulisho na uso wangu, akatabasamu kidogo, akauliza kama bado napiga ngoma. Nikasema niliacha zamani. Hakuuliza kwa nini. Alinipa kadi ya kupigia kura, akanionyesha kibanda. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu, nami nikaifanya kisingizio cha kutosema zaidi, kama kawaida yangu. Kura yangu ilihesabiwa jioni ile. Zile alizopigiwa yeye Evere nilizifuta mimi, na samahani bado sijamwomba.