Nilimwacha Jirani Afukie Kinamasi

Jirani yangu anabomoa nyumba yake mpya, hata mwaka haijamaliza. Mimi nimekaa barazani na kahawa yangu, namtazama.

Nilitakiwa niwe nacheka. Ngoja niwaeleze.

Ni huku kwetu Louisiana, kwenye vinamasi. Jirani anaitwa Dalton Hebert. Huyu bwana alimpiga risasi mbwa wangu, Tabac, eti kaingia kwenye bwawa lake la kufugia kamba. Akamrusha upande wangu wa uzio. Samahani hakuna.

Nikasema moyoni, utanitambua.

Agosti malori yakaanza kumwaga udongo kwenye kinamasi nyuma ya kwake. Anajenga.

Sasa mimi nimeandaa maombi ya vibali kwa mkandarasi miaka kumi na tisa. Kinamasi hakitambuliwi kwa maji tu. Agosti kinakauka, unakatiza na soksi, lakini udongo na miti vinakuambia hapa ni pa maji. Humwagi hata lori moja bila kibali cha serikali kuu.

Nilimuuliza kama anacho.

"Kibali cha nini, Odile? Wewe unaona maji hapa? Nenda kapike."

Nikatabasamu. Nikalipiga picha lori la kwanza.

Kaka yangu Ovide akaniambia nipige simu serikalini siku hiyohiyo, wamsimamishe.

"Aezeke kwanza," nikamwambia. "Nataka imuume."

Miezi saba nilikuwa namsifia nyumba. Nilimpelekea hata mchuzi wa bamia na kamba, akala akalamba vidole.

Ijumaa moja ya Machi akapiga bati la mwisho. Nikapanga kupiga simu Jumatatu.

Jumamosi mvua ikanyesha kutwa nzima. Maji yaliyozoea kutulia kwenye kinamasi yakakuta kumejaa udongo, yakashuka upande wa chini. Huko kuna nyumba moja tu, ya mama yangu. Ana miaka themanini na nne. Ovide alimtolea dirishani, maji yamefika kitandani.

Wakaguzi wakasema haikaliki tena.

Jumatatu nilipiga ile simu nikilia. Maafisa wakaja, wakapima, na baadaye Dalton akaamriwa abomoe na kuzoa udongo wote. Nikawa nimeshinda.

Mama sasa anaishi kwangu. Juzi alikuwa anatazama picha kwenye simu yangu, akafika kwenye lori. Akasoma tarehe yake mara mbili.

"Kumbe ulijua tangu Agosti?"

Akaiweka simu mezani, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mpaka leo anaongea na Ovide tu.

Ndugu zangu, adui yako akivunja sheria, sema siku hiyohiyo. Usimsubiri azame zaidi ili ufurahi zaidi. Nyumba ya mama ilikuwa ya kuokolewa kwa simu moja, na hiyo simu nilikuwa nayo mkononi miezi saba.