Balozi Aomba Gati

Nei Rotia, msukaji wa mataji ya maua pale kisiwani Tarawa, ndiye aliyewavika wageni wote wa serikali. Mwaka ule mchele uliadimika madukani, na kila taifa kubwa likaleta balozi wake na tabasamu lake.

Mmoja wao alikuwa ameisoma mila yetu barabara. Alijua kwamba ndugu akikuomba kitu, kumnyima ni aibu. Basi alipokwisha kula samaki na kupakwa poda shingoni kama mgeni wa heshima, akasimama katikati ya ukumbi wa kijiji.

"Ndugu zangu, nawaomba gati lenu."

Wazee wakainamisha vichwa. Rotia akamwekea balozi taji lake sawa kichwani.

"Chukua, mwanangu. Ni lako."

Watu wakaguna. Balozi akashukuru, mkono kifuani.

"Sasa umekuwa ndugu," Rotia akaendelea, "na ndugu naye huombwa. Mimi nakuomba gati."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Balozi akaangaza macho huku na huku, mwishowe akacheka mwenyewe.

"Haya mama, lichukue."

"Ahsante. Na vile viatu ulivyovua mlangoni, naona vitamtosha mume wangu."