Kodi ya Kiboko Iliyolipwa Mara Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suruali aliyoolea kaka yangu na viatu vilivyonibana, nikaingia katika ofisi ya kodi ya mji wetu wa Baraka, kando ya ziwa, nikiamini nitapewa meza. Shefu wa biro, yaani mkuu wa ofisi, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, alinitazama toka juu hadi chini, kisha akanionyesha kwa kidole benchi la barazani. Walikaa pale bamama wawili na mzee mmoja aliyekuwa anasinzia.

"We mupya, enda ukae na bale bantu," akasema.

"Shefu, mi nimekuja kwa kazi."

"Iyo njo kazi. Bale banangojea feza yabo irudi. Ukiisha kujua kungojea, utakuja nikufundishe ingine."

Nilikaa nikiwa nimenuna. Lakini mtu hawezi kununa mchana kutwa karibu na bamama wa Baraka. Kabla jua halijageuka nilikuwa nimekwisha kula muhogo wao na kusikia habari za wakwe zao, na nilijua kila mmoja alilipa nini, wapi, na kwa nini alipaswa kurudishiwa. Jioni Shefu aliponiuliza, nikamweleza yote. Akaitikia kwa kichwa tu. Kesho yake nikapata meza, ndogo, yenye mguu mmoja uliofungwa kamba.

Ninyi vijana mnaonisikiliza mnajua jinsi kodi inavyoingia, maana hiyo haina siri. Kurudi kwake ndiko kuna safari. Mtu akilipa kupita kiasi, au akilipa mara mbili, sheria inasema arudishiwe. Anaandikiwa ombi, kitansi zake zinabandikwa nyuma, kitansi ni ile karatasi inayoshuhudia kwamba umelipa, na zote pamoja tunaziita dosiye. Dosiye inatoka Baraka, inapanda Uvira, inapanda tena Bukavu, inapita meza nyingi, na ikipata kashe ya mwisho, yaani muhuri, agizo la malipo linashuka kwetu. Kazi yangu ilikuwa kujua imefika wapi. Tulikuwa na lugha yetu. Dosiye iliyokaa chini ya nyingine "imelala". Iliyoguswa na mtu "imeamka". Na ile ambayo kila meza inasema iko kwa jirani, hiyo tulisema "iko kwa wakwe", kwa sababu kule hakuna anayekufukuza na hakuna anayekupa jibu.

Kawaida yetu ilikuwa moja: dosiye haisafiri peke yake. Ilifungwa katika plastiki, kwa sababu ya mvua na ya ziwa, ikakabidhiwa mtu anayejulikana: muuguzi, mwalimu, mke wa dereva. Huyo naye akarudi na neno. Simu zilipokuja tulipiga simu, lakini mtu wa kuisindikiza tuliendelea kumtafuta. Sauti ya simuni husema "tunaishughulikia" hata kama mwenye sauti yuko sokoni.

Nilihamishwa Kilembwe, na huko nilijifunza kupanda pikipiki kwenye matope na kuanguka bila kulowesha mfuko wa karatasi. Msimamizi wa kule alikuwa mtu mkali aliyependa nyama ya mbuzi na kunyamaza. Kisha nikapelekwa kwenye vijiji vya Ubwari, ambako ofisi ilikuwa ndani ya boti: tulifika, tukaita, watu wakateremka ufukweni na maneno yao. Nakiri niliipenda miaka ile kuliko yote. Asubuhi ziwa limetulia, mama mmoja anakaanga ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na mzee anauliza toka mbali, "Ya kwangu iko wapi sasa?" nami naweza kumjibu. Hadi leo moyo wangu unakwenda huko wenyewe.

Niliporudi Baraka nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe, na ofisi ilikuwa na Perseptere mpya, ndiye mkuu wa wapokeaji kodi, mtu wa mjini, mpole, mwenye kupenda sana utaratibu. Ndipo nilipompata kwenye benchi Mama Kiboko.

Alikuwa mwembamba kama mwanzi, na kila mgeni alicheka akisikia anavyoitwa. Lakini Kiboko ilikuwa boti yake, aliyoachiwa na marehemu mume wake, boti ndefu iliyobeba mawese na mihogo kwenda na kurudi. Kwetu mwenye boti huitwa kwa boti yake. Ukiuliza bandarini jina ambalo mtu alibatizwa nalo, watakutazama kama mgeni. Mama Kiboko alilipa kodi ya mwaka ya boti Baraka. Alipofika gati nyingine, mpokeaji wa kule akaikataa kitansi yetu, akazuia mzigo, na mama akalipa tena ili mawese yasiharibike. Kitansi zote mbili ziliandikwa jina lilelile, kama wapokeaji wote walivyozoea kuandika: Kiboko.

Ombi likafuata kitansi. Dosiye ikapanda kwa jina la Kiboko.

"Papa, moteri ya boti yangu imekufa," akaniambia siku ile. "Ile feza ikirudi, nitanunua moteri. Isiporudi, nitauzisha boti. Na ile boti njo bwana yangu aliniachia. Hakuna kingine."

Nikaifuatilia dosiye ile kama ya mtoto wangu. Ililala Uvira, nikaiamsha. Ikaenda kwa wakwe Bukavu, nikapiga simu hadi wakanijua kwa sauti. Mvua zikaja zikaenda. Mama Kiboko alikuja kila siku ya soko, akakaa, akaniambia habari za watoto, akaondoka. Kisha barua ikashuka. Perseptere akaisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa.

"Banasema," akasoma polepole, "huyu Kiboko ajitokeze yeye mwenyewe, na kitambulisho."

Ofisi nzima ilicheka hadi karani akamwaga chai. Mimi nilicheka pia, kisha nikatazama nje kwenye benchi, na kicheko kikaisha. Tuliandika maelezo kwamba Kiboko ni boti. Dosiye ikapanda upya, ikaanza kulala upya. Na Mama Kiboko hakuweza kungoja zaidi, kwa sababu shule ilikuwa imekwisha kuwarudisha watoto nyumbani kwa kukosa ada. Akaiuza boti kwa mzee mmoja wa Ubwari. Siku waliyoivuta kwenda majini sikwenda kuangalia. Iliniuma sana.

Mnajua kilichofuata. Bandari nzima ikaanza kumwita yule mzee Papa Kiboko. Na mimi nikiwa nimebakiwa na wiki chache tu za kazi, agizo la malipo likashuka hatimaye: "Alipwe mwenye Kiboko."

Perseptere alivua miwani. "Sheria iko wazi, Mzee wangu. Mwenye boti njo anasinya karatasi, anapokea feza. Na mwenye boti ni yule wa Ubwari."

"Shefu, kodi alilipa mama," nikasema.

"Najua. Lakini nikimulipa mama, mi njo nitalipa tena, kwa mufuko yangu."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Tukamwita Papa Kiboko. Usiku ule nilimwomba Mungu, jambo ambalo sikuwahi kufanya kwa ajili ya dosiye.

Alifika siku ya soko, suruali imelowa hadi magotini, kofia mkononi. Perseptere akamweleza yote, hakumficha kitu, akamwekea karatasi na fedha mezani. Mzee akazitazama. Sisi wengine tukajifanya tunatafuta kalamu.

"Iyi kodi, mi njo nililipa?" akauliza.

"Hapana, Papa. Ililipwa zamani, mbele ununue boti."

"Basi muniitie mwenye alilipa. Mi nilinunua mbao na misumari. Sikununua machozi ya muntu."

Akachukua kalamu, akasinya. Mama akaitwa kutoka kwenye benchi. Mzee akamsukumia fedha kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkwewe kitu, na mama akapiga magoti pale pale kwenye sementi. Papa Kiboko akavaa kofia yake, akasema ziwa linabadilika, akaenda zake.

Fedha ile haikutosha kuirudisha boti, na mama hakuomba arudishiwe. Alinunua boti nyingine, ndogo, ya zamani, yenye moteri inayokohoa, akaja kuilipia kodi. Nilibahatika, ilikuwa siku yangu ya mwisho. Nikachukua kalamu, nikauliza kama nilivyouliza watu maisha yangu yote:

"Jina ya boti, Mama?"

"Haiko na jina. Sitaipatia."

"Sasa niandike nini?"

Akanisogelea, akaweka kidole kwenye mstari mtupu. "Andika jina yangu. Nyassa Etabo."

Tulikaa naye barazani misimu miwili ya mvua, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipolisikia jina hilo.

Sasa nimestaafu, na asubuhi hukaa nyumbani nikisikia moteri zikitoka bandarini. Watu huniuliza kama kazi ile haikunichosha, kungoja miaka yote mali ya wengine. Ilinichosha. Lakini nikikumbuka siku ile, hukumbuka zaidi jinsi nilivyoandika taratibu, herufi kwa herufi, na yeye ameinama juu ya meza anaangalia, hadi nilipomaliza akasema, "Soma, nisikie."

Nikamsomea.