Kwanza Mpime Ng'ombe

Mimi sihitaji kuambiwa mara mbili kwamba nimekosea; mara moja inatosha kunipandisha hasira. Mama yangu alipougua niliambiwa mara tatu: na yeye mwenyewe, na kaka yangu, na mkuu wangu wa kazi. Wote watatu nawaheshimu, na wote watatu niliwakatalia.

Homa ya mama ilikuwa ya kwenda na kurudi. Asubuhi angetoka kuchuma chai akiwa mzima, kufika saa tisa anatetemeka, leso imelowa jasho, vidole vinauma hata hawezi kufunga kifungo cha sweta. Kliniki moja ilimpa dawa ya malaria, kisha ya taifodi, kisha ya malaria tena. Lakini mimi nilikuwa nimemwona ng'ombe wake akitupa mimba msimu wa mvua uliopita, na nilijua mama huyanywa maziwa yake bila kuyachemsha. Nikamwambia huo ni brusela, ugonjwa wa ng'ombe unaompata mtu kupitia maziwa mabichi. Twende upimwe damu.

"Kwanza upime ng'ombe," akasema. "Ikipatikana ni mgonjwa, na mimi nitakubali ni mgonjwa. Lakini kama ni mzima, usiniletee hiyo maneno tena."

Ng'ombe huyo alifiwa na mama yake siku aliyozaliwa, na mama yangu alimlea kwa chupa, kwa upole ambao sisi watoto wake hatukuuona sana. Kumwita mgonjwa kulikuwa kumtukana mwanawe. Nikakubali sharti lake, kwa kuwa kutafuta DNA ya magonjwa ndiyo kazi yangu.

Nafanya kazi katika maabara ndogo ya utafiti mjini Kericho, na wakati huo tulikuwa tukijaribu kifaa kipya. Ndani yake mna chipu ya silikoni, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Juu yake kumechongwa vijia vyembamba vya kupitisha mwanga, na kando ya kijia pana pete ambayo mwanga huizunguka mara nyingi sana. Kwenye pete hiyo tunabandika vipande vya DNA vya upande mmoja tu, vinavyongoja wenzao. DNA ya ugonjwa ikipita, hushikana na mwenzake papo hapo, na mwanga unaozunguka huhisi mguso huo na kubadilika rangi kidogo, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Kompyuta ndiyo huona, na mstari wake hupanda. Nilichukua muda kuamini kwamba mwanga unaweza kupapasa kitu. Siku hizi nauamini kuliko ninavyowaamini watu wengi.

Nikamwachia mama kichupa cha plastiki ajaze maziwa wakati wa kukama. Kesho yake nikakichukua kimejaa, nikaenda nacho kazini.

Mstari haukupanda hata kidogo.

Mkuu wangu ni mtu wa kutoka upande wa ziwa, makini sana, asiyependa maneno mengi. "Negativu," akasema. "Andika, weka sahihi, tuendelee."

Nikamwambia siweki.

"Hiyo ng'ombe ni ya mamako. Unataka mashine ikubaliane na roho yako?"

Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake. Hata hivyo sikuweka sahihi.

Jumapili, tulipotoka kanisani, kaka yangu alinicheka mbele ya wageni. "Si mashine yako imesema ng'ombe iko sawa? Sasa unataka nini ingine?" Mama alimimina mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kwenye kikombe, akayanywa yote huku akinitazama. Nilitoka nje nikalia kwa hasira nyuma ya zizi, ng'ombe mwenyewe akinitazama.

Jumatatu niliwahi maabara kabla ya wote. Nilichukua DNA ya brusela tuliyokuwa tumeihifadhi, nikaitia katika maziwa ya mama yaliyobaki, nikapima. Sasa mstari ulipaswa kupanda, apende asipende mtu. Haukupanda. Basi kipimo cha kwanza hakikuwa kimeonyesha kwamba ng'ombe ni mzima. Kulikuwa na kitu ndani ya maziwa kinachoimeza DNA.

Nikakiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Chini kabisa kulikuwa na vidoadoa vyeusi. Nikafungua kifuniko, nikanusa, ikanijia harufu ya nyumbani.

"Hii nini, masizi?" mkuu wangu akauliza alipofika.

"Ni mkaa," nikamwambia.

Kwetu kibuyu cha maziwa, sotet, hakiishii kuoshwa. Kijiti cha mti wa senetwet huchomwa, na mkaa wake husuguliwa ndani mpaka kibuyu kinukie, ndipo maziwa yawekwe yageuke mursik. Na mkaa hushika vitu. Ndiyo maana hospitali humpa mkaa aliyekunywa sumu. Ulikuwa umeishika DNA yote kabla haijaifikia pete.

Nikampigia mama. Nikamuuliza kama maziwa yalitoka kwa ng'ombe moja kwa moja.

"Niliweka kwa sotet kwanza," akasema. "Sasa maziwa yangu iende kwa watu wa ofisi ikinuka plastiki? Watasema sisi ni watu gani?"

Asubuhi iliyofuata nilimkama ng'ombe mimi mwenyewe, nimevaa glavu.

"Unashika ng'ombe yangu na glavu kama maiti?"

"Ndiyo, Mama," nikasema, nikaendelea kukama.

Safari hii mstari ulipanda kabla sijakaa vizuri kitini. Mkuu wangu akaichukua fomu wanayojaza wafugaji wanaoleta maziwa na kuongeza swali kwa mkono wake: je, maziwa yamepita kwenye kibuyu? Hapo ndipo nilipoweka sahihi.

Jioni nilimwambia mama kwamba sotet yake ilitufanya tusione ukweli. Akaigeuzageuza mikononi. "Haikuficha kitu," akasema. "Ilisafisha. Hiyo ndio kazi yake." Lakini kesho yake alivaa nguo ya kanisani, tukaenda akatolewa damu, nayo ikasema yaleyale. Daktari akampa dawa za wiki sita.

Vidonge vilikaa mezani siku tatu bila kuguswa. Nilipofoka, akaniambia hawezi kumeza dawa huku ng'ombe yuko zizini hajui alichoshtakiwa. Daktari wa mifugo alikuwa ameshatuambia kwamba ng'ombe hana dawa, sharti aondolewe akachinjwe.

Siku ya nne pikapu ikaja. Mama alimkataza kaka yangu kugusa kamba. Alimwongoza ng'ombe yeye mwenyewe, taratibu, akampandisha, akamsemesha kwa Kipsigis maneno ambayo sitayaandika. Pikapu ilipoanza kushuka kuelekea barabarani, akanyoosha mkono kwangu bila kunitazama.

"Leta hiyo dawa."

Nikampa, nikageuka kutafuta maji. Hakuyangoja. Alivimeza vidonge vikavu, macho yakiwa kwenye barabara, kisha akanigeukia na kufungua mdomo wazi kabisa nione kwamba hamna kitu.