Kaimu kwa Mara ya Tatu

Ukitaka kujua mtu anafikaje kuwa mtendaji mkuu wa klabu ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya wanawake, usiende kuuliza shuleni. Hakuna darasa la kazi hiyo. Klabu ninayoisimulia ilikuwa imepitisha watendaji watatu katika miaka kumi na mmoja, na kila mmoja aliingia kwa mlango wake. Wa kwanza alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyewahi kuendesha timu ya soka ya kikosi chake, naye aliamini kwamba kikapu ni soka lililopandishwa juu kidogo. Wa pili alitoka benki, mtu mpole, ambaye hadi siku ya kuagwa alikuwa bado anawaita waamuzi "wale makarani wenye filimbi". Wa tatu alikuwa meneja mauzo wa kiwanda cha magodoro. Inasemekana alichaguliwa kwa sababu ni mrefu.

Kila mmoja alipoondoka, barua ile ile ilitolewa kwenye faili, tarehe ikabadilishwa, na ikapelekwa kwa mwanamke yule yule. Ilimteua kuwa kaimu mtendaji mkuu "hadi hapo mwenye sifa atakapopatikana". Ndipo wachezaji walipoanza kumwita Kaimu. Jina likamganda. Mlinzi wa lango alikuwa hajui kama ana jina jingine.

Njia yake mwenyewe hadi kwenye kiti kile inafaa kufuatwa polepole, maana haina hatua hata moja ambayo mtu aliipanga. Aliichezea klabu misimu miwili na nusu, enzi ambazo haijaanza kulipa wachezaji. Ile nusu ni goti lilipogoma. Kukaa nyumbani hakuweza, kwa hiyo alikuja kutazama mechi akiwa na magongo, akajikalisha kwenye meza ya waandishi wa alama kwa kuwa ndipo palipokuwa na viti vyenye egemeo. Siku hiyo mwandishi hakutokea. Mwamuzi akamsukumia karatasi: "We mwenye magongo, shika kalamu." Aliishika miaka saba.

Msimu mmoja jezi zilikuja bila namba. Mama yake ni fundi cherehani, kwa hiyo namba zikashonwa nyumbani kwao, na aliyeshonea jezi ndiye aliyeambiwa azibebe. Aliyebeba jezi akawa anajua saizi ya kila mtu. Anayejua saizi ya kila mtu huulizwa pia tarehe zao za kuzaliwa, na anayezijua hizo ndiye anayejaza fomu za usajili. Fomu zikamletea safari, safari zikamletea nyumba za wageni, na asubuhi moja akakuta kwenye mlango wa stoo kibao kinachosema Meneja wa Timu. Alidhani kuna mtu mpya ameajiriwa. Akamwandalia kiti.

Nyumbani, jioni, mama yake alikuwa na swali moja tu. Aliuliza bila kuinua macho kwenye mshono:

"Wameshakuondolea hilo neno?"

"Bado, mama."

"Wanalifanyia nini? Mimi nikishona pindo la muda, haliendi kanisani mara tatu."

Sasa ilikuwa mara ya tatu. Kaimu alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, na alikwishajiambia kwamba asipopewa kazi hii safari hii, atarudisha funguo zote kumi na saba na kwenda kumsaidia mama kukata vitambaa. Hakumtishia mtu. Alizihesabu tu zile funguo, akazifunga pamoja kwa kamba ya kiatu.

Usaili ulifanyika Jumanne saa nne asubuhi, kwenye chumba cha kusubiria cha kliniki ya meno. Klabu haikuwa na chumba cha bodi, na mwenyekiti wa bodi alikuwa daktari wa meno. Uenyekiti huo aliupata kwa kuwa binti yake aliwahi kucheza msimu mmoja. Wajumbe watano walikaa chini ya picha kubwa ya fizi zilizovimba.

Mshindani alikuwa mmoja tu, msimamizi wa jengo la maduka, bwana nadhifu, mcheshi, ambaye kila mtu alimpenda mara moja, Kaimu akiwemo. Alikuja na michoro yenye mishale, na mishale yote ilielekea juu.

Zamu ya Kaimu ilipofika, Daktari alivuta karatasi ya maswali.

"Unajiona wapi baada ya miaka mitano?"

"Mheshimiwa Mwenyekiti, swali hili nimeulizwa na bodi hii mara mbili. Miaka mitano imepita mara mbili. Nimejiona hapa hapa."

Mjumbe mmoja alikohoa. Daktari akaandika kitu kirefu kuliko jibu lenyewe. Wakaambiwa uamuzi utatolewa saa kumi na mbili jioni, na kwamba kabla ya hapo wote wawili wanakaribishwa ukumbini, ambako mfadhili mpya atakabidhi mipira.

Mfadhili alikuwa kiwanda cha rangi. Mipira ilikuwa arobaini, imepangwa kwenye rafu ya magurudumu, kila mmoja una nembo ya kopo la rangi, kubwa kiasi kwamba ilifunika maandishi mengine yote. Daktari ndiye aliyeiagiza. Bibi wa masoko wa kiwanda alikuwa amempigia simu kuuliza klabu inataka mipira ipi, naye, kwa kuwa Kaimu alikuwa safarini na timu, alijibu mwenyewe: mizuri, ya kisasa, ya saizi kamili. Mechi ya kufungua ligi ilikuwa Jumamosi, na ingechezwa kwa mipira hiyo hiyo mbele ya mabango ya kopo hilo hilo.

Hotuba zikatolewa. Bwana wa Maduka alidundisha mpira mmoja mara mbili, akasema una uhai. Daktari akampa Kaimu mwingine ili wapigwe picha.

Kaimu aliupokea kwa mkono mmoja, kama alivyopokea mipira maisha yake yote. Vidole havikufika vilipozoea kufika. Akaugeuza. Akaushika kwa mikono miwili, akatabasamu kwa mpiga picha, na ndani ya tabasamu hilo akajua mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, huu ni mpira namba saba, wa wanaume. Wanawake hucheza na namba sita, ulio mdogo na mwepesi zaidi, na Jumamosi mwamuzi angeukataa kabla haujadunda. La pili, aliyeuagiza angekaa baada ya saa mbili kuamua kama yeye ataendelea kuitwa kaimu.

Angeweza kunyamaza hadi Alhamisi. Hakuna ambaye angejua. Wachezaji wangekosa vikapu kwa siku mbili, kocha angelaumiwa, hilo likiwa ni kazi ya kawaida ya kocha, na yeye angekuja na ugunduzi akiwa tayari na barua mkononi. Alilifikiria hilo kwa muda unaotosha kupigwa picha tatu. Lakini nahodha alikuwa ameshachukua mpira mmoja na kuelekea kikapuni, na nahodha alikuwa ametoka kuuguza kidole wiki sita.

"Daktari," alisema, "naomba dakika tano za karatasi."

"Karatasi gani tena? Tuna chai inasubiri."

"Ya alama. Nahodha, usirushe kwanza. Njoo mstari wa adhabu. Piga kumi."

"Kaimu, sijapasha misuli."

"Nani kakwambia ni mechi? Piga."

Akageuza ratiba ya hafla, akachomoa kalamu kwenye nywele, akaandika kama alivyoandika miaka saba. Nahodha alipiga kumi, akapata mitatu. Wa mwisho uligonga ukingo wa mbele ukarudi ukamgonga Bwana wa Maduka kifuani.

"Una uhai kweli," akasema yule bwana.

Kaimu alimfungulia nahodha kabati, akampa mpira wa zamani wenye kiraka. Nahodha alipiga kumi, akapata minane, akaanza kumtazama kila mtu kwa zamu.

"Mazoea," alisema Daktari. "Mipira mipya huchukua muda. Kama meno ya bandia."

"Daktari, hata meno ya bandia kuna ya mwanamume na ya mwanamke?"

"Yapo kwa ukubwa wa..." Akaushika mpira mpya mkono mmoja, wa zamani mkono wa pili, kama mtu anayepima mananasi sokoni. Ukumbi mzima ulikuwa unamsubiri. Shingo yake ikabadilika rangi kuanzia chini kwenda juu.

Bwana wa Maduka akamsogelea Kaimu, akanong'ona kwa sauti iliyosikika hadi jukwaani: "Dada, hivi ina saizi?"

"Ina saizi, kaka."

"Mimi ningeifungua Jumamosi hiyo hiyo," alisema, sasa kwa wote. "Tena kwa utepe."

Bibi wa masoko alikuwa ameanza kutafuta simu kwenye mkoba. Kaimu akamtangulia. Alisogea kando ya rafu na kumpigia mtendaji wa klabu ya wanaume waliokuwa wakitumia ukumbi huo huo. Tangu ukumbi ujengwe, wanaume walifanya mazoezi saa kumi na moja jioni, kukiwa na upepo, na wanawake saa saba mchana chini ya bati. Kila aliyeuliza sababu alijibiwa kwamba ndivyo ratiba ilivyo.

"Mipira yenu bado ina upara?" aliuliza. "Eeh. Ninayo arobaini, namba saba, haijadundwa. Kasoro mmoja, umemgonga mtu... Hapana, siuzi. Nataka saa kumi na moja... Siku zote, siyo Alhamisi tu. Umecheka vya kutosha? Basi niandikie, nami niandike."

Kisha akamgeukia bibi wa masoko. "Mama, Jumapili wanaume watacheza na nembo yako. Jumamosi sisi tunaning'iniza mabango yako na kutumia mipira yetu. Umekuja kwa siku moja, unaondoka na mbili."

Bibi wa masoko alirudisha simu mkobani. Daktari alisema kwamba hilo ndilo alilokuwa anataka kulipendekeza. Hakuna aliyembishia, maana chai ilikuwa inapoa.

Jioni ile, saa kumi na mbili, hakukuwa na uamuzi. Bodi ilikaa hadi kliniki ilipofungwa. Bwana wa Maduka aliondoa jina lake kwa ujumbe mfupi wenye adabu, akauliza mwishoni kama kuna kitabu cha kujifunzia kikapu. Hata baada ya hapo, kwa mgombea mmoja aliyebaki, wajumbe walihitaji saa nzima zaidi. Hadi leo sijaweza kujua walizungumza nini, na nimeuliza.

Barua ililetwa Alhamisi na mhudumu wa kliniki, ndani ya bahasha yenye picha ya mswaki. Kaimu hakuifungua njiani. Mama yake aliipokea, akavaa miwani, akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, hadi sahihi.

"Silioni."

"Halipo, mama."

"Lakini hapa pana majaribio, miezi sita. Majaribio ya nini? Miaka yote hii wameonja, bado hawajajua kama ina chumvi?"

"Ndiyo barua zao zilivyo."

Mama akaigeuza karatasi. Nyuma kulikuwa kweupe. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, kama anavyokagua kitambaa cha mteja asiyemwamini, kisha akamrudishia.

"Haya. Na Jumatatu unaingia saa ngapi, mtendaji?"

"Asubuhi kama kawaida. Ila timu inaanza saa kumi na moja."

"Kwa hiyo utachelewa kurudi."

"Nitachelewa."

"Nilijua lazima kutakuwa na kitu," alisema mama, na kukanyaga cherehani.